Uliza Mwalimu: Tufe lirushwe kwa nyuzi ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, narusha tufe la kilo 4. Darasani tumefundishwa kwamba kitu hufika mbali zaidi kikirushwa kwa nyuzi 45. Kocha anayetuandaa kwa UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania) kila siku ananigombeza: “Unalipeleka juu mno!” Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uwanjani msikilize kocha. Nyuzi 45 ni sahihi kwa kitu kinachotua usawa uleule kilikotokea. Tufe lako linatoka begani, tuseme mita 1.8 juu ya ardhi.

Kokotoa mwenyewe. Safari ya tufe igawe mara mbili, ya mbele (x) na ya juu (y), zote zikitumia muda mmoja, t. Mwendo wa mbele ni mwendokasi mara cos ya nyuzi, wa juu ni mara sin. Ukilirusha kwa mita 10 kwa sekunde na nyuzi 45:

x = 7.07t
y = 1.8 + 7.07t − 4.9t²

Hiyo 4.9 ni nusu ya mvutano wa dunia, 9.8. Inagusa y peke yake. Upepo tuuache, tufe ni zito. (Kwa mkuki nisingethubutu, maana hewa inaubeba.) Weka y = 0: t ni sekunde 1.66, umbali mita 11.76. Rudia kwa nyuzi 40, utapata mita 11.87. Sentimita 11 tu! Kumbe ugomvi wa nyuzi peke yake ni mdogo.

Utamu uko kwenye mwendokasi. Mkono wa binadamu hausukumi kwa nguvu ileile pande zote. Ukisukuma kuelekea juu sana, uzito wa tufe unakula sehemu ya nguvu zako, na kifua hakikusaidii vya kutosha. Ndiyo maana warushaji wakubwa huliachia kwenye nyuzi 35 hadi 38 hivi. Tuseme wewe ukishuka hadi 35 unapata mita 10.5 kwa sekunde:

x = 8.60t
y = 1.8 + 6.02t − 4.9t²

Linatua baada ya sekunde 1.48, karibu mita 12.7. Nusu mita ya mwendokasi imekuletea karibu mita nzima! Hapo ndipo kocha wako anapopaona kwa macho, bila kalamu.

Sasa usiniamini hivihivi. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu, akae ubavuni. Pimeni umbali, na kwenye video someni muda tangu tufe liache vidole hadi liguse chini. Umbali gawanya kwa muda, huo ni mwendo wa mbele. Kwa mwendo wa juu, chukua 4.9t², toa kimo cha kuachia, kisha gawanya kwa t. Likienda mita 11 kwa sekunde 1.4, utapata 7.86 mbele na 5.57 juu; juu gawanya kwa mbele ni tan ya nyuzi, yaani nyuzi 35 hivi. Fanya hivyo kwa mirusho ya chini na ya juu, uandike mwendokasi wa kila mmoja, halafu mpelekee kocha daftari.