Jibu: Presha 150/100, mimba wiki ya 30, yuko Ukerewe

Mkuu, umeuliza kama wifi yako asubiri kliniki ya Jumatatu, na kama sindano ya magneziamu aliyotajiwa na nesi itamdhuru mtoto.

Asisubiri. Baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140/90 na mkojo una protini, tayari tunazungumzia hatari ya kifafa cha mimba, yaani degedege. Arudi leo hospitali ya wilaya pale Nansio wampime tena, wao ndio waamue kama avushwe kuja hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu, au apate maumivu chini ya mbavu za kulia, ni kukimbia hospitali usiku huohuo. Na mama mkwe anayesema miguu huvimba kwa kila mjamzito, mwambieni kwa heshima kwamba presha haiishii kwenye kuvimba miguu tu.

Sindano sasa. Utafiti wa Magpie, uliotoka 2002, ulihusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33. Magneziamu ilipunguza degedege kwa zaidi ya nusu, na vifo vya watoto havikuongezeka. Binafsi hiyo dawa ningeiogopa pale tu inapokosekana.

Wakiona mtoto atazaliwa kabla ya wiki ya 34, ulizeni pia kuhusu deksamethasoni ya kukomaza mapafu yake. Utafiti wa WHO wa 2020, Kenya ikiwemo, ulionyesha inaokoa njiti, ila itolewe hospitali yenye uwezo wa kuwahudumia.

Aspirini ya dozi ndogo ya kukinga tatizo hili huanzwa mapema, kabla ya wiki ya 16. Hiyo aiulizie mimba ijayo.