Muuzaji Anapokuchagulia Pikipiki Kabla Hujafungua Mdomo

Barua tatu zilizofika mezani kwangu mwezi huu zimeandikwa na watu wasiofanana, lakini zote zinalalamikia jambo moja: muuzaji wa pikipiki aliyekwisha kuamua kabla ya kusikiliza. Nimeipa barua ya kwanza nafasi kubwa zaidi, kwa sababu madhara yake yamekwenda mbali zaidi.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwanamke wa miaka 38 na nimeendesha pikipiki ya cc 150 kwa miaka tisa. Sasa nataka ya cc 400, kwa kuwa safari zangu zimekuwa ndefu na mara nyingi nabeba abiria. Nilifika dukani nikiwa na kaka yangu, ambaye hajui hata kubadili giya. Kila swali nililouliza mimi, muuzaji alimjibu yeye. Nilipoomba kijitabu cha maelezo, alikipitisha juu ya mkono wangu niliokuwa nimeunyoosha, akampa kaka. Kisha akanipeleka kwenye skuta na kuniambia, “Dada, ile uliyoitaja ni nzito, itakuangusha. Hizi ndizo zenu.” Niliondoka bila kununua, na tangu siku hiyo najiuliza kama kweli pikipiki ile itanishinda. Nifanyeje nikirudi?

JIBU: Dada yangu, naanza na mwisho wa barua yako, pale unaposema umeanza kujitilia shaka, kwa kuwa hilo linanisumbua kuliko hata ule ufidhuli wa kijitabu. Mtu aliyeendesha miaka tisa, akazijua barabara za mvua na za vumbi, ametoka dukani na hofu ambayo hakuingia nayo. Muuzaji huyo hakukuuliza urefu wako, hakukuuliza umezoea pikipiki gani, wala hakukuuliza unakwenda wapi na mzigo gani. Kwa hiyo alichokupa hakikuwa ushauri. Kilikuwa kisio alilolifanya kwa kukutazama, akalivika maneno ya kukujali.

Niliuza pikipiki kwa miaka sita kabla ya kuandika safu hii, na ninajua kisio hilo linavyozaliwa. Mteja anapoingia, muuzaji anayelipwa kamisheni huanza kuhesabu muda wake: huyu atanunua leo au anatazama tu, ana fedha au hana, na kati ya hawa wawili ni nani mwenye kauli ya mwisho. Kwa kuwa hana majibu, huyachukua kwenye jinsia, umri, mavazi na lafudhi. Nilimwona mwenzangu akimwacha mama mmoja amesimama robo saa karibu na pikipiki aliyokuja kuilipia taslimu, huku yeye akimhudumia kijana aliyekuja kupiga picha tu. Mama yule aliondoka na fedha zake, na mwenzangu hakujua kamwe alichokipoteza.

Jambo hili limewahi kupimwa, ingawa kwa magari. Mwaka 1995 watafiti Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha matokeo ya majaribio zaidi ya 300, ambamo wanunuzi walitumwa kwa jozi, kila mmoja kwa wakati wake, kwa wauzaji wa magari mapya katika eneo la Chicago. Wanunuzi wote walifundishwa kupatana bei kwa namna ileile, lakini wanaume Wazungu walitajiwa bei za chini kuliko wanawake na kuliko Wamarekani weusi. Watafiti hao waliona dalili kwamba wauzaji walikuwa wakikisia nani angekubali bei ya juu, ijapokuwa hawakusema kuwa hiyo ndiyo sababu pekee. Nalitaja ili ujue kwamba upendeleo wa muuzaji si suala la adabu peke yake; unaweza kupenya mpaka kwenye tarakimu zinazoandikwa katika ankara yako.

Utakaporudi, usitumie nguvu zako kumbadilisha muuzaji mawazo yake kuhusu wanawake. Hiyo ni kazi ndefu, na wewe umekwenda kununua pikipiki. Kazi yako ni kuyaondoa mazungumzo kwako na kuyarudisha kwenye mashine, ukiuliza mambo ambayo jibu lake ni namba au ni kitu cha kuonyeshwa. Anza kwa kusema bila kuzunguka: “Nimeendesha cc 150 miaka tisa. Natafuta cc 400 ya safari ndefu yenye abiria. Nionyeshe ile pale.” Kama utaongozana tena na kaka, patana naye mapema kwamba akielekezewa jibu atasema tu, “Mnunuzi ni huyu,” kisha asogee kwenye rafu ya kofia. Muuzaji akiendelea vilevile, omba uhudumiwe na mwingine, na asipopatikana mwingine, mwombe meneja. Hilo si kumvunjia mtu heshima, kwani wewe ndiye mwenye fedha na ndiye mwenye shingo itakayokuwa juu ya pikipiki hiyo.

Sasa tuliangalie lile neno “nzito”. Nzito si kipimo. Uliza ni kilo ngapi, na uliza kama namba hiyo imehesabiwa tanki likiwa limejaa au tupu, kwa sababu lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, na tanki la lita 15 huongeza kiasi cha kilo 11. Kisha omba pikipiki itolewe kwenye stendi, maana ukiikalia ikiwa imeegemea stendi hutajua lolote. Ikalie, isimamishe wima, uache shokabu zibonyee kwa uzito wako, ndipo utazame miguu. Si lazima nyayo zote mbili zilale chini. Madereva wengi wazoefu husimama kwa mguu wa kushoto ulioshika ardhi vizuri, wa kulia ukiwa kwenye breki ya nyuma. Tazama pia upana wa kiti, kwa kuwa kiti chembamba kwa mbele huuacha mguu ushuke moja kwa moja, na pikipiki yenye kimo kikubwa lakini kiti chembamba huweza kukufaa kuliko fupi yenye kiti kipana.

Baada ya hapo shuka, ushike usukani kwa mikono miwili, uegemeze nyonga yako kwenye tanki, na uisukume hatua tano mbele, uigeuze, uirudishe. Mwili wako utakupa jibu ndani ya dakika mbili, na hilo ndilo jibu la kuaminiwa. Ukiona kweli inakuelemea, uamuzi umekuwa wako, umetoka kwenye mikono yako na si kwenye macho yake. Hapo unaweza kuomba uonyeshwe nyingine ya ukubwa huohuo wa injini, kwa kuwa cc 400 mbili zinaweza kutofautiana sana kwa uzito na kimo. Ukishauriwa ishushwe shokabu ili miguu yako ifike chini, kumbuka kwamba nafasi kati ya injini na ardhi nayo itapungua, na ukiwa na abiria kwenye barabara mbovu utalihisi hilo.

Na kuhusu hiyo kauli ya “hizi ndizo zenu”, sina subira nayo hata kidogo. Skuta ni chombo kizuri kwa anayeihitaji. Lakini mwezi Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, ikivuta tela, wakalivuka jangwa la Sahara na kufika Cape Town mwaka 1935. Tangu wakati huo pikipiki zimepata breki bora, matairi bora na kuwashwa kwa kitufe badala ya kupigwa teke. Anayesema mwanamke hawezi kumudu cc 400 za leo amechelewa miaka mingi sana.

SWALI: Mshauri, nina miaka 22 na nanunua pikipiki yangu ya kwanza ya kwenda kazini. Muuzaji ananisifia modeli moja tu, na kila nyingine ninayoitaja anaiponda: hii inakula mafuta, ile haina vipuri, ile nyingine cheni yake ni ya shida. Nitajuaje kama ananisaidia au anafuata maslahi yake?

JIBU: Kijana wangu, yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Muuzaji anaweza kuipenda modeli hiyo kwa dhati na bado akawa ameahidiwa malipo ya ziada kwa kila moja anayoiuza, au ameagizwa aimalize kwa sababu imekaa ghalani. Kwa hiyo usimpime kwa bidii yake ya kusifu. Mpime kwa uwezo wake wa kutaja kasoro. Muulize, “Pikipiki hii haimfai nani?” Anayekujali ana jibu la papo hapo, kwa sababu hakuna pikipiki inayomfaa kila mtu. Anayekwambia inamfaa kila mtu ameshakujibu kwa njia nyingine.

Chukua hilo la cheni, mojawapo ya njia za kupeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma; nyingine ni mkanda na shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka. Mwendo wa cheni ni mwepesi na wa gharama ndogo, na unatengenezeka karibu popote, lakini unadai kusafishwa, kupakwa mafuta na kukazwa mara kwa mara. Mkanda hauhitaji mafuta na hauna kelele, ila ukikatika safarini si rahisi kuupata. Shafti haisumbui kwa matunzo, lakini ni nzito na ni ghali. Vivyo hivyo, kabureta inaweza kusafishwa na fundi yeyote mwenye bisibisi na subira, ilhali mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme huwaka vizuri hata asubuhi ya baridi na hujirekebisha mwenyewe ukipanda mlima, lakini ukiharibika unataka vifaa vya kupimia. Muuzaji mwaminifu hukupa pande zote mbili za kila kitu. Anayezipa pikipiki za wenzake upande mmoja na yake upande mwingine anakuuzia, hakushauri.

Ili kujua kama modeli anayoisukuma imelala dukani muda mrefu, piga magoti karibu na tairi. Ubavuni utakuta herufi DOT na mfuatano wa alama, mara nyingine upande mmoja tu wa tairi, na mwisho wake pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2321, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Kwa kawaida pikipiki mpya haitofautiani sana na tairi zake kwa umri. Ukikuta imekaa miaka mitatu, si lazima uikimbie, lakini una haki ya kudai betri mpya, mafuta mapya ya breki (ambayo hufyonza unyevu na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili), petroli mbichi, na bei inayolingana na umri huo.

Kuhusu vipuri, usimwulize muuzaji. Nenda dirisha la vipuri la duka hilohilo na uulize bei ya pedi za breki, waya wa klachi na chujio la mafuta za modeli hiyo, na kama vipo leo au vinaagizwa. Zungumza pia na fundi aliye nyuma ya duka, ambaye kwa kawaida halipwi kwa mauzo. Niliwahi kumsikia mmoja akimjibu mteja kwa sauti ya chini, “Hiyo nimeifungua injini mara nne mwaka huu,” na mteja akabadili uamuzi palepale. Swali la mwisho ni la usalama, nalo lisisahaulike: uliza kama ina breki za ABS, zinazozuia gurudumu lisijifunge ukikamata breki ghafla. Umoja wa Ulaya ulianza kuzilazimisha mwaka 2016 kwa modeli mpya za zaidi ya cc 125, na muuzaji anayekwambia ni mapambo tu usimwamini katika mengine.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 63. Kila nikiuliza bei, muuzaji ananitajia rejesho la kila mwezi, na anasema punguzo linakwisha leo jioni. Nadhani ananiona siwezi kufanya hesabu.

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Inawezekana anafikiri hivyo, na inawezekana pia anazungumza hivyo na kila mtu, kwa sababu rejesho dogo huficha jumla kubwa. Tuseme rejesho ni 100 kwa miezi 12: utalipa 1,200. Likishushwa likawa 60 kwa miezi 24, utalipa 1,440, ingawa masikioni limepungua. Mwambie hutazungumzia rejesho mpaka akuandikie jumla ya fedha zote utakazotoa hadi siku ya mwisho, pamoja na usajili, gharama za kuiandaa, bima na chochote alichokiongeza bila kuombwa. Kila mstari usiouelewa, muulize ni wa nini na kama unaweza kufutwa.

Karatasi hiyo iwe na tarehe, jina la modeli, namba ya chesisi na sahihi yake, nawe uondoke nayo. Akikataa kuiandika, mzee wangu, usisubiri jioni. Ondoka saa hiyohiyo. Akikubali, lala nayo nyumbani, uisome na mtu unayemwamini, na utakaporudi iweke mezani kati yenu wawili na uanze mazungumzo kwenye mstari wa jumla.