Mtoto katolewa mtoto wa jicho, presha ya macho inatoka wapi tena?

Nilisema mtoto aliyefanyiwa oparesheni ya mtoto wa jicho anaweza kuja kupata presha ya macho (glakoma, yaani presha ndani ya jicho inapanda na kuua neva ya kuonea), meseji zikamiminika. Najibu chache.

*Dokta, mwanangu alifanyiwa akiwa na miezi 2, sasa ana miaka 4 na anacheza vizuri tu, kwanini bado wananiita kliniki?* (Mama, Arusha)

Nenda mama, tena usiruke hata moja. Presha hii inaweza kuja miezi ya mwanzo au baada ya miaka mingi, kuna utafiti wa Marekani ulifuatilia watoto 114 waliotolewa mtoto wa jicho moja kabla hawajafika miezi 7, walipofikisha miaka 10 zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano walikuwa nayo. Na mtoto mkubwa mara nyingi hata haumwi, neva inakufa taratibu na ikishakufa hairudi, kwaiyo ni kupimwa maisha yote.

*Si bora wangesubiri akue kwanza?* (Baba, Mbeya)

Hapana bwana. Kweli akifanyiwa mapema mno, hasa kabla ya wiki 4, hatari ya presha inapanda, ila ukichelewa ubongo haujifunzi kuona kwa jicho lile. Presha ina dawa, huo ubongo uliochelewa ndo kazi.

*Wakimuwekea lenzi ya bandia ndani ya jicho si anakuwa salama?*

Wengi wanaamini ivo. Kwenye utafiti uleule nusu waliwekewa, nusu hawakuwekewa, kwenye presha hawakupishana.

*Nyumbani niangalie nini?* (Mama Mapacha, Tanga)

Kwa mtoto mchanga: machozi yasiyoisha, kukimbia mwanga, kioo cha mbele ya jicho kuwa na ukungu, jicho kukua kuliko mwenzake. Hilo la mwisho linaponza wengi manake majirani wanasifia tu macho makubwa mazuri! Na kama hana lenzi, namba ya miwani ikishuka haraka mno muulize daktari.

*Bibi yake ana matone ya presha ya macho, nimuwekee?*

Usithubutu. Kuna matone ya presha yanaitwa brimonidini, yanaweza kumlaza mtoto mdogo mpaka pumzi ikakata, mengine, timololi, nayo ni hatari kwa mwenye pumu. Hata yale matone ya steroidi ya baada ya oparesheni usijiongezee dukani, yanapandisha presha yenyewe. Wa kwako atapewa ya kwake, yakishindwa wanamfanyia oparesheni ya kufungua njia ya maji ya ndani ya jicho au wanaweka kimrija cha kuyatoa.