Akivuka Kutoka Nyamagana Kwenda Ilemela, Ni Mzigo wa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kuna mzee ambaye kwa takribani miaka sita amekuwa akilala kwenye kibaraza cha stoo yetu, akitandika maboksi na kujifunika kipande cha turubai. Mgambo wakimwondoa huku huenda mjini, na akiondolewa mjini hurudi. Nilipompeleka kwenye ofisi moja niliambiwa kwamba yeye si mkazi wa halmashauri ile. Nasikia kwamba kwingine halmashauri jirani huchangiana gharama za kuwapangia vyumba watu wa namna hii. Je, kwetu linawezekana? Na mtu anayekunywa gongo apewe chumba kabla hajaacha?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Mama, jibu ulilopewa ofisini ndilo kiini cha tatizo lenyewe. Kutoka mjini, upande wa Nyamagana, hadi Kirumba, upande wa Ilemela, ni mwendo mfupi wa miguu, na mzee huyo anaweza kubadilisha halmashauri mara mbili kwa siku moja bila kubadilisha hali yake hata kidogo. Kila ofisi inayomhesabu kuwa wa jirani inasema kweli kwa saa chache tu.

Nianze na gongo, maana najua ndipo wengi hukwama. Mwaka 1992 huko New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha utaratibu wa kumpa mtu nyumba kwanza, bila kumwekea sharti la kuacha kilevi, kisha huduma zikamfuata humo humo. Kanada iliujaribu katika miji mitano kuanzia mwaka 2009, kwa watu takribani 2,000 wasio na makazi wenye maradhi ya akili, na waliopewa nyumba walidumu ndani ya nyumba kuliko wenzao walioachiwa huduma za kawaida. Kuhusu ulevi, hata hivyo, makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Kwa hiyo asikuahidi mtu kwamba chumba ni dawa ya gongo. Ila mtu anayelala kibarazani hana pa kuwekea dawa: vidonge vikifungwa kwenye nailoni hulowa mvua ya kwanza, na kadi ya kliniki hupotea pamoja na maboksi siku anapofukuzwa.

Kuhusu kuchangiana, mfano ulio wazi ni wa eneo la Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani. Mei 2020 wapiga kura wa eneo hilo, linalogusa kaunti tatu, walikubali kodi ya asilimia 1 kwa sehemu ya kipato cha mtu mmoja inayozidi dola 125,000 kwa mwaka, pamoja na kodi kwa faida ya kampuni zenye mauzo ya zaidi ya dola milioni 5. Fedha hukusanywa kwa pamoja kisha hugawanywa kwa kaunti hizo, na kila moja huendesha huduma zake. Chanzo hicho cha fedha hatunacho, wala sioni sababu ya kukiiga. Cha kuiga ni ule uamuzi wa kuacha kuulizana mtu alilala upande gani wa mpaka.

Kwetu tuna makazi ya serikali ya wazee wasiojiweza, kama yale ya Bukumbi wilayani Misungwi, lakini hayo ni ya kumhamisha mtu, ilhali mzee wako huenda anapata chakula chake kwa kubeba magunia hapo hapo Mwaloni. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu nayo ni mkopo, na mkopo humtaka mtu awe na shughuli ya kuurejesha. Ninaloliona kuwa la karibu zaidi ni Nyamagana na Ilemela, chini ya Katibu Tawala wa Mkoa, kuwa na orodha moja ya watu hawa, vyumba vichache vya kupanga, na afisa ustawi wa jamii mmoja anayeruhusiwa kumfuata mtu wake pande zote mbili. Kodi ya chumba ndiyo sehemu nyepesi. Mshahara wa afisa huyo ndio utakaobishaniwa, na ni afadhali ubishaniwe mapema kabla mzee hajakabidhiwa ufunguo.

Kwa sasa, mwombe mwenyekiti wa mtaa wako aandike barua inayoeleza kwamba mzee huyo ameishi hapo kwa miaka sita, wewe na wenzako wa stoo muweke sahihi, na nakala ziende kwa maafisa ustawi wa halmashauri zote mbili siku hiyo hiyo.