Kabla hujaweka kipima muda kwenye ukurasa

Ukipewa kazi ya kufanya orodha ya oda ijisasishe bila mtumiaji kubonyeza chochote, mkono utakimbilia setInterval, amri ya JavaScript inayorudia kazi kila baada ya muda fulani: kila sekunde 5 omba data, chora upya. Kwenye kompyuta yako itaenda vizuri, maana seva iko hapohapo. Subiri mtandao uwe mzito. Ombi la kwanza linachukua sekunde 8, la pili limeshaondoka, na hakuna kinachohakikisha kwamba majibu yatarudi kwa zamu. La zamani likifika mwisho, linafunika jipya, na oda iliyokwishalipwa inaonekana tena kama haijalipwa. Keshia akiiamini, anamdai mteja mara ya pili.

Ndiyo maana nakusihi uanze na setTimeout, ambayo inangoja muda uliopanga kisha inafanya kazi mara moja tu. Jibu lifike, lichore, ndipo upange ombi linalofuata. Likishindikana, panga vilevile ila ongeza muda: sekunde 5, 10, 20, hadi kikomo ulichoweka. Ongeza na sekunde chache za bahati nasibu, la sivyo seva iliyokuwa imelala ikiamka tu inavamiwa na vivinjari vyote kwa mpigo. Ikijibu 503 (yaani haiwezi kuhudumia kwa sasa) pamoja na Retry-After (muda wa kungoja kabla ya kuomba tena), itii.

Kuchora nako kunataka adabu. Ukibadilisha jedwali zima kwa innerHTML, yaani kufuta yote yaliyomo na kuyaandika upya, mtu aliyekuwa akiandika maelezo kwenye safu ya tatu anapoteza maandishi yake katikati ya neno. Hilo linaudhi kuliko data iliyochelewa. Gusa safu iliyobadilika tu, na ile inayoandikwa iache kwanza.

Halafu kuna bando, ambalo mtumiaji analilipia mwenyewe. Seva ikitoa ETag, alama ya toleo la data, kivinjari kinairudisha kwenye ombi linalofuata, na kama hakuna jipya jibu ni 304 (haijabadilika) tupu, bila orodha. Ukurasa ukifichwa, tukio la kivinjari liitwalo visibilitychange litakujulisha: simamisha, na mtu akirudi omba papo hapo. Usitegemee kipima muda kichupo kikiwa nyuma. Tangu toleo la 88 la mwaka 2021, Chrome inaweza kukiruhusu kiamke mara moja tu kwa dakika.

WebSocket, muunganisho unaobaki wazi ili seva itume habari yenyewe, ipo, na kwa gumzo ni chaguo sahihi. Kwa orodha ya oda, kamuulize kwanza keshia: habari ikichelewa nusu dakika, kazi yake inaharibika wapi? Muda wa kuweka utaupata kwenye jibu lake.