Maswali Yenu: Wazazi Waliostaafu Wanaokwenda Utumeni Ugenini

Swali: Mume wangu ana miaka 68, mimi 64. Kanisa linatutuma nchi nyingine kwa miaka miwili. Yeye yuko kwenye dawa za presha, mimi nachoma insulini. Huko kuna malaria, na wanadai cheti cha homa ya manjano. Tuanzie wapi?

Jibu: Shikamooni wazazi wetu. Anzeni na homa ya manjano, maana ndiyo inayoweza kuvuruga safari nzima. Chanjo hiyo imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makali kwenye ini, figo au ubongo ni kubwa kuliko kwa kijana, ingawa bado ni nadra. Kwa hiyo msiingie tu kwenye foleni ya sindano. Mwelezeni daktari magonjwa yenu yote, aangalie kama ugonjwa wenyewe uko mnakokwenda au cheti kinadaiwa kwa sababu ya mnakotoka tu. Akiona chanjo haiwafai, huandika barua ya kuwasamehe chanjo. Ulizeni ubalozi mapema kama wanaikubali. Pekueni na makabati pia: tangu Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha, hata kile cha miaka mingi iliyopita. Kwa anayechanjwa sasa, kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano.

Kuhusu malaria, mkumbusheni daktari kwamba meflokwini, moja ya dawa za kuzuia malaria, haimfai mwenye hitilafu ya mapigo ya moyo wala aliyewahi kuugua sonona. Laleni ndani ya chandarua chenye dawa. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Msijipe moyo kwamba ni uchovu wa safari.

Dawa za presha zikae kwenye maboksi yake, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa na kipimo kwa miligramu. Jina la kibiashara hubadilika nchi hadi nchi, na hapo ndipo wengi hujikuta wanameza dawa ile ile mara mbili kwa majina mawili. Ulizeni pia kiasi kinachoruhusiwa kuingizwa.

Insulini ibebwe kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye mizigo ya ndege inaweza kuganda, na ikishaganda ni ya kutupa hata kama inaonekana nzima baada ya kuyeyuka. Ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha ya friji. Iliyofunguliwa, aina nyingi hudumu kama siku 28 chini ya nyuzi 30. Someni kikaratasi cha ndani ya boksi. Umeme ukiwa wa kukatika-katika, tafuteni vyungu viwili visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine na kubaki nafasi ya vidole viwili. Jazeni mchanga katikati, uloweshwe asubuhi na jioni. Dawa iingie kwenye mfuko usiopitisha maji, chungu kifunikwe kwa kitambaa kibichi na kukaa kivulini penye upepo. Hakitapoza kama friji, ila kinaisaidia chupa inayotumika. Penye unyevu mwingi hewani hakisaidii, kwa sababu maji hayakauki upesi.

Jambo moja hupuuzwa: mtu mzima huchelewa kusikia kiu. Joto likikutana na dawa ya presha inayoongeza mkojo, baba atasimama usiku kizunguzungu kimshike, aanguke. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda kama dakika moja, na tochi iwe karibu. Mkojo ukiwa mweusi-mweusi, maji hayatoshi.

Swali: Tuna miezi mitatu hapa. Mimi nafundisha chuo cha Biblia kila siku. Mke wangu, mwalimu mstaafu, anashinda nyumbani na siku hizi analia. Lugha imetugomea wote. Turudi?

Jibu: Msiamue sasa. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza hali hii mwaka 1960: furaha ya mwanzo huisha, kisha kila kitu hukera, ndipo mtu huzoea. Mko katikati. Lakini machozi ya mama yana sababu inayorekebishika: wewe una kazi yenye jina na saa, yeye ameitwa "mke wa mmisionari" tu. Nenda kwa uongozi wa kanisa mwenyeji, uombe naye apewe jukumu lililoandikwa na kutangazwa mbele ya waumini. Na wewe upunguze siku moja ya kufundisha, mwende pamoja kuwatembelea watu. Machozi yakiendelea zaidi ya wiki mbili, au akikosa usingizi na hamu ya kula, aonwe na daktari.

Kuhusu lugha, pimeni masikio kwanza. Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba kama s, f na t, na maneno mageni hufanana yote. Wengi hujilaumu kuwa hawana akili ya lugha, kumbe hawasikii. Kisha kila mmoja awe na mwalimu wake, maana mkikaa pamoja mwepesi humsemea mwenzake. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni inashinda saa mbili mfululizo. Sentensi tano kwa siku, zirekodiwe kwenye simu kwa sauti ya mwenyeji, halafu mzitumie siku hiyo hiyo kwa watu wale wale mnaopishana nao njiani.

Swali: Pensheni yangu imesimama tangu nihamie huku utumeni. Kwa nini?

Jibu: Huenda hukuthibitisha kuwa uko hai. Mifuko mingi hudai fomu hiyo kila mwaka, isipofika malipo husimama. Waombe fomu, uliza nani anaruhusiwa kushuhudia sahihi yako ukiwa nje (mara nyingi ubalozi au mthibitishaji wa hati), na utie sahihi ile ile iliyo kwenye faili lao. Tuma nakala kwa barua pepe, halisi kwa posta ya kusajiliwa. Uliza pia kuhusu malimbikizo, na mwakani anza miezi miwili kabla ya tarehe.