Maswali Yenu: 2048 na Mabomu

*Nacheza 2048 kwenye kivinjari cha simu kila mapumziko ya mchana. Nikifika 512 ubao unajaa, mchezo umekwisha. Nakosea wapi? — Msomaji, Tanga*

Katika 2048 unasogeza vigae vyote vya ubao wa 4 kwa 4 upande mmoja; viwili vyenye namba sawa vikigongana huungana kuwa kimoja chenye jumla yao, na lengo ni kufika 2048. Wengi wanaokwama 512 huponzwa na mwelekeo mmoja: juu. Chagua kona, tuseme ya chini kushoto, na kigae kikubwa kisibanduke hapo. Sogeza chini na kushoto tu. Kila unaposogeza, kigae kipya huzuka popote palipo wazi; mara tisa kati ya kumi ni 2, iliyobaki ni 4. Ukisogeza juu, 512 inapanda na 2 inaweza kuzuka konani, chini yake. Kuing'oa hapo ni kazi, na aghalabu ubao hujaa kwanza.

Kulia ruhusa kwa sharti moja: mstari wa chini uwe na vigae vinne, na pasiwe na viwili vinavyolingana vikiwa jirani. Hapo hausogei hata chembe. Juu nako ni salama safu ya kushoto ikiwa imejaa vivyo hivyo. Ukilazimika kupanda bila sharti hilo, rudi chini papo hapo.

Mstari wa chini uupange ukishuka kutoka kushoto: 512, 256, 128, 64. Wa pili unaanzia kulia, 32 ikikaa juu ya ile 64, kushoto kwake 16, kisha 8. Sasa ipatikane 32 nyingine juu ya hiyo 32. Chini: zinakuwa 64. Chini tena, kwa sababu kigae kilichoungana hakiungani mara ya pili katika hatua ileile: sasa ni 128. Kushoto mara tatu, na 1024 imetua konani. Raha ya mchezo huu iko hapo.

Usiukimbize. Kila hatua huongeza wastani wa 2.2 ubaoni, kwa hiyo 2048 inataka hatua 930 hivi. Mapumziko mafupi hayatoshi.

*Nilisafisha simu, ubao na alama zangu bora vikapotea. Na je, mchezo huu unakula bando? — Msomaji, Nakuru*

Ubao huhifadhiwa ndani ya kivinjari chako. Ukifuta data za tovuti, umekwenda. Ukicheza katika hali fiche, unafutika ukifunga dirisha. Ukihamia kivinjari kingine, unaanza upya. Andika alama zako pembeni kama unazithamini.

Bando linaliwa ukurasa unapofunguka. Baada ya hapo unaweza hata kuzima data, mradi usiufungue upya. Yanayoendelea kula ni matangazo. Gabriele Cirulli, Mwitaliano aliyeutoa Machi 2014, aliacha msimbo wake wazi, ndiyo maana nakala zimezagaa, nyingine zikiwa na matangazo kila kona.

*Kwenye mchezo wa mabomu kuna mahali lazima nibahatishe? — Msomaji, Zanzibar*

Wakati mwingine ndiyo. Katika mchezo huu (Minesweeper) unafungua visanduku ukikwepa mabomu, na namba iliyo kwenye kisanduku ni idadi ya mabomu yanayokizunguka. Lakini kwanza tazama kihesabu cha mabomu yaliyobaki. Mara nyingi hicho ndicho kinachokata shauri, na wachezaji hukisahau. Pili, jifunze kusoma 1-2-1 iliyonyooka kandokando ya mstari mmoja wa visanduku visivyofunguliwa, upande wa pili ukiwa wazi wote: mabomu yako mkabala na zile 1 mbili, na mkabala na 2 ni salama, fungua bila hofu.

Ngazi ngumu ina visanduku 30 kwa 16 na mabomu 99, yaani zaidi ya kimoja kati ya vitano. Huko utakutana na visanduku viwili, bomu moja, na hakuna dalili yoyote. Bahatisha upesi, kufikiri hakusaidii. Usiyependa kamari tafuta Mines katika mkusanyiko wa mafumbo wa Simon Tatham. Ni bure, unachezeka kwenye kivinjari, na kwa kawaida kila ubao umetengenezwa uweze kumalizika kwa hoja tupu.